Pagale la Milioni 26: Kisa cha Mkandarasi Aliyeingia kwenye Nyumba za Kupangisha

Kisa hiki kimeandikwa kwa ridhaa ya mwenyewe. Jina lake, mtaa, kampuni na wateja vimeondolewa, na tarakimu nimezizungusha kidogo bila kuharibu uwiano wake. Mimi ni mkadiriaji majenzi. Niliitwa mwaka 2023, mambo yakiwa yameshatendeka, kwa sababu benki ilimtaka alete hesabu za nyumba yake naye alikuwa na mfuko wa rambo uliojaa risiti. Tulikaa nazo siku tatu. Mengi yaliyomo humu yalitoka kwenye risiti hizo, na yaliyobaki aliyasema yeye mwenyewe, mengine kwa shida.

Usuli

Mkandarasi alianza kama saidia fundi akiwa na miaka 19. Akawa mwashi, akawa msimamizi wa saiti za watu, na mwishowe akasajili kampuni yake Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa daraja la saba, la chini kabisa katika ngazi za majengo. Kazi zake zilikuwa nyumba za watu binafsi pembezoni mwa Dar es Salaam, uzio, na ukarabati wa madarasa pale zabuni ilipomwangukia. Mke wake ni mwalimu wa shule ya msingi.

Mwaka mzuri alikuwa na saiti nne kwa mpigo. Mwaka mbaya, masika ya Machi hadi Mei ikikolea, alikaa nyumbani huku mafundi wakimpigia simu kuuliza kama kuna chochote. Kilichomsukuma ni nyumba aliyoijenga mwaka 2014, vyumba sita vya kupangisha vya mama mmoja mfanyabiashara. Kila alipopita pale aliona nguo za wapangaji kwenye kamba. Yeye alikwisha kula faida yake ndani ya miezi miwili, na yule mama alikuwa bado anakula. "Nimewajengea watu wengi kodi yao ya uzeeni," aliniambia. "Yangu sikuwa hata na tofali."

Mwishoni mwa 2019 alikuwa na akiba ya milioni 38. Zilikaa kwenye akaunti ya kampuni, ileile inayopokea malipo ya wateja. Naomba msomaji alikumbuke hilo, tutalirudia.

Kiwanja kitupu au pagale

Alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kununua kiwanja kisichopimwa huko mbele zaidi kwa milioni 9 na kuanza na msingi. Ya pili aliletewa na dalali: pagale, yaani nyumba iliyoachwa njiani, lililofika kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha) na kusimama miaka minne, kwenye kiwanja kilichopimwa cha mita 20 kwa 30, barabara ya daladala ikiwa umbali wa dakika nane kwa miguu. Mwenyewe alipoteza kazi, ujenzi ukamshinda. Alitaka milioni 32.

Alichagua pagale, na sababu aliyoitoa naiona sahihi hadi leo. Kiwanja kitupu kila mtu anaweza kukinunua, kwa hiyo bei yake ni ya kila mtu. Pagale lenye ufa humfukuza mwalimu, muuguzi na mfanyabiashara, kwa sababu hawajui ufa ule una maana gani. Anayejua ananunua karibu peke yake. Mkandarasi hana mtaji kuliko wengine, na mara nyingi hata elimu ya fedha hana kuwazidi. Anachowazidi ni kuusoma ukuta.

Na aliusoma vizuri mno. Alikwenda mara ya kwanza siku ya mvua ya vuli ili aone maji yanakimbilia wapi, akaona yanatuama kwenye kona ya nyuma. Alirudi siku kavu na msumari, nyundo, burashi ya waya na kijana mmoja mwenye sururu. Alikwangua tofali kwa msumari sehemu kumi na mbili akitafuta zile zinazomomonyoka kwa kupunjwa saruji. Nondo zilizochomoza juu ya nguzo alizisugua: nyingi zilikuwa na kutu ya juu tu, lakini kwenye nguzo mbili ilibanduka vipande na nondo ikawa imekonda. Kisha akafuata ufa mkubwa, ule uliomtisha kila mteja, uliotoka kona ya chini ya dirisha na kushuka kwa mshazari hadi kwenye jamvi, zege la chini ya sakafu. Ufa wa namna hiyo huwa unaelekeza kwenye kona iliyozama. Akamwambia kijana achimbe pale nje. Walipofika kina cha goti walikuta mifuko ya plastiki, chupa na majivu: kona ile ilijengwa juu ya jalala la zamani lililofukiwa.

Palepale, mbele ya muuzaji na dalali, akataja gharama. Kona itachimbwa chini ya msingi wa zamani kwa vipande vya mita moja moja, kimoja kikishikwa na zege kabla kinachofuata hakijaguswa, na nguzo mbili zitavunjwa zifungwe upya. Muuzaji alikuwa amewasikia watu wengi wakisema nyumba mbovu, ila hakuna aliyewahi kumwonyesha ubovu wenyewe. Akashuka hadi milioni 26. Matengenezo yale baadaye yaligharimu milioni 2.4. Kwa maneno mengine, mchana mmoja wa sururu na msumari ulimwingizia milioni 3.6, na hakuna siku nyingine katika miaka minne ya kisa hiki iliyomlipa kiasi hicho.

Karatasi alizipima kwa macho

Mtu huyuhuyu aliyechimba hadi akafika kwenye jalala, nyaraka aliziangalia kwa dakika zisizofika kumi. Muuzaji alikuwa na barua ya toleo, ile ya kugawiwa kiwanja, si hati. Namba ya kiwanja ilikuwepo, mhuri ulikuwepo, mwenyekiti wa serikali ya mtaa alimfahamu. Januari 2020 Mkandarasi akalipa milioni 18 za awamu ya kwanza, wakaandikishana ofisi ya mtaa mashahidi wakiwepo.

Februari, mafundi wakiwa wanasafisha majani ndani ya vyumba, akatokea mwanamke na mtoto mgongoni. Akauliza kazi hii ni ya nani. Akaonyeshwa. "Kaka," alisema, "hela umempa nani?" Alikuwa mke wa muuzaji, na nusu ya tofali zile alizinunua kwa biashara yake ya vitenge.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mnunuzi wajibu wa kuuliza kama mwenza wa muuzaji ameridhia. Hapa haikutosha kusema hakujua, kwa sababu hakuuliza. Ndipo alipokwenda kwa wakili, na kwa wakili yakafunguka mengine: kodi ya pango la ardhi haikulipwa miaka mitano, na kodi ya ongezeko la mtaji, inayotozwa kwenye faida ya kuuza na ambayo kisheria ni mzigo wa muuzaji, haikutajwa popote kwenye makubaliano yao. Muuzaji alikwisha tumia sehemu ya zile milioni 18 na hakuwa na cha kulipia. Bila ushahidi wa Mamlaka ya Mapato (TRA) kwamba imelipwa, uhamisho wa jina hausogei.

Waliafikiana Juni 2020. Milioni 8 zilizobaki zilipitia kwa wakili: sehemu ikalipa kodi, sehemu ikakabidhiwa mke mkononi mwake naye akasaini ridhaa. Muuzaji alipata kidogo kuliko alivyotarajia. Miezi mitano ilipotea, na gharama zote za dalali, wakili, madeni ya pango la ardhi na uhamisho zikafika milioni 3.1. Bahati yake ni kwamba mama yule alikuja mapema na alikuja kwa amani. Angekuja baada ya bati kupanda, kisa hiki kingekuwa kinaandikwa na wakili.

Nyumba moja kuwa tatu

Ramani ya awali ilikuwa ya familia: vyumba vitatu, sebule kubwa, jiko. Familia inayoweza kulipia nyumba nzima pale ni chache. Vijana walioajiriwa karibuni, wenzi wasio na watoto na walimu ndio wanaotafuta kila wiki. Akaigawa nyumba mara tatu: sehemu mbili za chumba, sebule, jiko na choo cha ndani, na moja yenye vyumba viwili.

Hapa alifanya jambo ambalo wakandarasi wengi hulikwepa wanapojijengea. Alirudi halmashauri kuomba kibali cha ramani iliyobadilishwa. Ilichukua wiki saba na alilalamika wiki zote saba, lakini alipokuja mkaguzi wa ujenzi kulikuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Ujenzi ulianza kwa kona ya jalala. Novemba 2020 saruji ikaadimika na bei ikaruka hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akawaagiza wakuu wa mikoa wafuatilie. Mkandarasi akasimamisha kazi ya kwake na saruji aliyoipata akaipeleka kwa wateja. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha alivyokuwa kabla ya Februari 2021.

Milioni 8 za mteja

Februari 2021 akiba ilikuwa imeisha. Alikuwa anadai milioni 14, malipo ya mwisho ya kazi ya madarasa, na aliahidiwa kuzipata ndani ya mwezi. Wakati huohuo mteja anayeishi nje ya nchi alituma milioni 22 za kuinua nyumba yake kutoka msingi hadi lenta. Na wiki hiyohiyo muuza bati alimwambia bei mpya inaanza jumatatu.

Akaunti ilikuwa moja. Ukifungua simu unaona salio moja, halikuandikwa hizi za fulani na hizi zangu. Akachukua milioni 8, akaongeza 1.2 zake, akanunua mbao na bati za geji 28. Pagale likapauliwa kwa siku tisa. Alinionyesha picha aliyopiga jioni ile, bati zinawaka jua la magharibi, na nikaelewa furaha yake. Mimi pia nimejenga.

Nilimuuliza aliwaza nini. Alijibu bila kujitetea: "Niliwaza namkopa mwezi mmoja. Kazi yake ningeanza na zile 14 zilizobaki, hela ya madarasa ingenikuta njiani." Ndivyo wanavyowaza karibu wote. Hakuna niliyekutana naye aliyeamka asubuhi akasema naenda kumwibia mteja. Wanakopa kwa mtu ambaye hajui kwamba amekopesha.

Hela ya madarasa haikuja Machi wala Aprili. Saiti ya mteja ilikwenda kozi nne za tofali, yaani mistari minne, ikasimama. Simu kutoka nje zikawa zinapokelewa mara moja kati ya tatu. Mei kaka wa mteja alifika bila taarifa, akakuta majani na rundo la mchanga lililoliwa na mvua. Kwa bahati mbaya zaidi, mtu fulani mtaani akamwambia, "Huyo fundi anajenga kwake kule, kashapaua."

Mteja hakwenda polisi. Alidai jambo moja: nyumba ifike lenta kabla ya mwisho wa Septemba kwa zile zile milioni 22, hata bei ikipanda. Mkandarasi akakubali na akasimamisha kazi ya kwake kuanzia Juni. Akauza mashine ya kuchanganyia zege kwa milioni 3.2. Mke akakopa milioni 4 kwenye SACCOS, ushirika wa akiba na mikopo, ya walimu, kwa mshahara wake yeye. Hela ya madarasa ilitoka Agosti, ikaingia yote humo na kwenye mishahara ya mafundi iliyokuwa imechelewa. Septemba lenta ilimwagwa.

Tulipokaa na risiti nilimwomba tuandike zile milioni 8 zilimgharimu nini. Alidhani jibu ni sifuri kwa sababu hazikuwa na riba. Orodha ikawa hivi. Vifaa vya kufidia kazi ya mteja vilikwisha kupanda, akatumia milioni 10.5 badala ya 8, hapo pengo ni milioni 2.5. Mashine ya zege aliinunua nyingine mwaka uliofuata kwa milioni 5, akapoteza 1.8. Riba ya SACCOS ilikuwa 480,000. Nyumba yake ilisimama miezi minane, hadi Februari 2022, na kwa kodi ya sehemu mbili ndogo peke yake hiyo ni 2,880,000.

Kisha kuna umeme. Mwaka 2021 kuunganishiwa kulikuwa Sh27,000. Januari 2022, akiwa hajafunga hata waya mmoja, ada ya mjini ikapanda hadi Sh320,960. Alihitaji mita tatu za Luku, zile za umeme wa kulipia kabla. Tofauti ni Sh881,880.

Jumla ni Sh8,541,880. Mkopo usio na riba ulimgharimu zaidi ya mkopo wenyewe. Alikaa kimya muda mrefu akiitazama namba ile, kisha akaomba nimwandikie kwenye karatasi aende nayo nyumbani kwa mke wake.

Wapangaji walichouliza

Alirudi saiti Februari 2022, na hapo akafanya kosa la fundi anayejivunia kazi yake. Kwa miaka mingi alikuwa amewawekea wateja wenye uwezo dari za jipsamu zenye taa za kuzama, meza za jiko za granaiti, madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Akaviweka vyote. Hoja yake ilikuwa kwamba nyumba ile itakuwa tangazo la kampuni. Alipanga sehemu ndogo ziende kwa 250,000 kwa mwezi.

Ya kwanza ilikamilika Mei 2022. Watu kumi na mmoja waliletwa na madalali. Nilimwuliza kama anakumbuka maswali yao na aliyakumbuka yote, kwa sababu yalikuwa yaleyale: Luku ni ya kujitegemea? Maji yanatoka kila siku? Pikipiki italala wapi? Choo kinajaa haraka? Hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu granaiti. Maji ya bomba yalikuwa yakitoka siku mbili kwa wiki, tangi halikuwepo, uzio haukuwepo. Mpangaji wa kwanza aliingia kwa 180,000, akalipa miezi sita, akatoka miezi sita ilipoisha kwa sababu ya maji.

Tangi la lita 5,000 na mnara wake, uzio wa mbele na geti vilimla milioni 4.5 ambazo hazikuwa kwenye bajeti kabisa. Kuanzia hapo nyumba haikukaa tupu zaidi ya wiki chache. Kodi ya sehemu ndogo ilibaki 180,000, kubwa 250,000. Mtaa una bei yake, na jipsamu haikuibadilisha.

Upande huohuo alifanya moja la busara. Hakungoja zote tatu zikamilike. Desturi ya Dar es Salaam ya kudai kodi ya miezi sita mbele huwaumiza wapangaji, nami siipendi, lakini kwake ilifanya kazi ya benki: Sh1,080,000 za sehemu ya kwanza zilinunua milango ya sehemu ya pili. Marumaru za vyoo zote zilitokana na mabaki ya saiti ya mteja mwingine, na safari hii aliomba kwa ujumbe wa simu, akajibiwa "chukua", na ujumbe ule bado anao.

Matokeo kwa tarakimu

Bajeti aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa milioni 54: pagale 26, ujenzi 28. Risiti zilisema hivi:

- Pagale na kiwanja: 26,000,000
- Nyaraka, dalali, wakili na madeni: 3,100,000
- Msingi na nguzo: 2,400,000
- Kupaua: 9,200,000
- Lipu, sakafu, dari, marumaru na rangi: 11,800,000
- Milango, madirisha na grili: 6,300,000
- Umeme, mabomba, vyoo na mashimo: 5,700,000
- Tangi, uzio na geti: 4,500,000

Jumla milioni 69. Ujenzi ulizidi kwa milioni 11.9, na nikizigawa, 4.6 ni urembo, 4.5 ni tangi na uzio alivyovisahau, na 2.8 ni kupanda kwa bei pamoja na umeme. Humo hamna siku zake mwenyewe. Tulihesabu siku 74 za kusimamia, ambazo kwa mteja angelipwa 60,000 kwa siku. Hiyo ni milioni 4.44 nyingine.

Mwaka wa kwanza uliokamilika, kodi ya sehemu zote tatu ilikuwa 610,000 kwa mwezi, na kwa wastani zilikaliwa miezi kumi na nusu: Sh6,405,000. Toa kodi ya serikali ya asilimia 10 juu ya pango, matengenezo ya nusu milioni, na kodi ndogondogo. Kodi ya majengo yenyewe ilileta kelele, kwa sababu tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia Luku na wapangaji wote watatu walikuwa wakikatwa kwa jengo moja hadi alipokwenda kutoa taarifa. Kilichobaki mkononi ni kama milioni 5.2. Kwa milioni 69, hiyo ni asilimia 7.5 kwa mwaka.

Nilimwekea kando yake kipimo kimoja tu. Aprili 2021, alipokuwa anazikwepa simu za mteja, Benki Kuu ilitoa kwa mara ya kwanza hatifungani ya serikali, yaani dhamana ya kuikopesha serikali, ya miaka 25 kwa riba ya asilimia 15.95. Haina mpangaji, haina choo kinachojaa.

Lakini hesabu haiishii hapo, na ndiyo maana sikumwambia alikosea kununua. Mthamini aliyesajiliwa aliiandikia nyumba ile thamani ya soko ya milioni 92. Hiyo ni milioni 23 juu ya alichotumia.

Uchambuzi

Weka milioni 23 na milioni 5.2 kwenye meza moja. Mkandarasi aliingia akitafuta kodi, lakini faida kubwa ilitoka kwenye pengo kati ya jengo lililoshindikana na jengo lililokamilika. Huko ndiko ujuzi wake unakolipwa. Kodi ya nyumba hailipi ujuzi wa ujenzi: mpangaji hutoa 180,000 ileile kwa nyumba ya mwalimu mstaafu aliyeajiri fundi. Nadhani hili ndilo jambo ambalo wakandarasi wanaoingia huku hawaambiwi, wakapanga mradi wote wakitazama kodi ya mwezi, kisha wakamalizia nguvu zao kwenye marumaru badala ya kuzimalizia kwenye bei ya kununulia.

Kupima jengo kulifanikiwa kwa sababu kulikuwa na utaratibu: kwenda siku ya mvua, kwangua, sugua, chimba, kisha taja bei. Kwenye nyaraka hakukuwa na utaratibu, kulikuwa na imani. Angeweza kutumia mkono uleule. Upekuzi kwa msajili wa hati na ofisi ya ardhi, deni la pango, ridhaa ya mwenza kwa maandishi, na mstari mmoja kwenye mkataba unaosema nani analipa kodi ya ongezeko la mtaji, vyote vingemchukua wiki mbili na pesa pungufu ya alizotumia kurekebisha. Milioni 18 kutangulia kabla ya hayo ilikuwa kama kumwaga zege kabla ya kuchimba.

Kuhusu urembo, simlaumu kwa kupenda kazi nzuri. Ubora aliouweka chini ya kona ile, na kwenye shimo la choo alilolijengea vyumba viwili badala ya kimoja, utamlipa miaka ishirini. Tatizo ni kwamba aliipeleka pesa kwenye vitu ambavyo wateja wake wa zamani wangeviona, si ambavyo wapangaji wake wangevitumia. Asubuhi moja ya kuzungumza na madalali wawili wa mtaa, kabla ya kununua hata mfuko wa jipsamu, ingeleta tangi kwanza.

Na akaunti. Nimesoma visa vingi vya wajenzi, na mzizi huu unarudi kila mara. Pesa ya mteja ni vifaa ambavyo havijanunuliwa bado, ni saruji yake na nondo zake, zimekaa kwenye simu yako kwa muda. Mkandarasi huyu asingethubutu kupakia nondo za mteja usiku akazipeleka kwake. Salio la benki lilimruhusu kufanya tendo lilelile bila kuona nondo. Kwa hiyo dawa niliyompa haikuwa mahubiri ya uaminifu, kwani aibu alikuwa nayo tele. Ilikuwa akaunti za aina tatu: ya kampuni, ya nyumba, na moja kwa kila mteja anayetuma fedha za vifaa, yenye ujumbe unaomfikia mteja kila shilingi inapotoka. Kodi za wapangaji zinaingia ya nyumba, na matengenezo yanatoka humo. Kama kampuni inaikopesha nyumba, inaandikwa, na siku ya kurudisha inaandikwa.

Hali ilivyo sasa

Benki ilimkatalia mkopo wa 2023. Hati ilikuwa imetoka kwa jina lake, nyumba ilikuwa na thamani, lakini taarifa za akaunti zilichanganya fedha za wateja, kodi za wapangaji na ada za shule, na afisa mikopo hakuweza kujua kipato chake ni kipi. Aliomba tena baada ya miezi kumi na minne akiwa na akaunti zilizotenganishwa, akapata kiasi kidogo kuliko alichoomba. Deni la SACCOS lilimalizwa kabla ya hapo, kwa kodi ya sehemu ile yenye vyumba viwili, na mke wake sasa ndiye anayeshika akaunti ya nyumba.

Amekwisha tembelea mapagale manne. Mawili aliyaacha kwenye nyaraka kabla hajafika kwenye kuta. La tatu lilikuwa na wenza wawili wasioelewana. La nne bado wanazungumza.

Yule mteja wa nje alipokea nyumba yake ikiwa kwenye lenta, akamlipa fundi mwingine aipaue. Alikuwa na ndugu wawili waliokuwa wameshaongea na Mkandarasi kuhusu kujengewa, mmoja hadi ramani alimtumia. Wote wawili wamejengewa na watu wengine.